Ngozi na Dhiki za Moyo

Juma lililopita tuliwazuru jamaa zetu wa Kibabii, kaunti ya Bungoma. Tulimkuta mama mmoja mwenye ukurutu akitengewa sahani yake, kwa kudhaniwa kwamba maradhi yake huambukiza. Alitueleza kuwa yalichachamaa tangu alipofiwa na mumewe.

Hilo si ajabu. Dhiki siyo asili ya ukurutu, bali huuchochea. Huzuni ikizidi, ubongo huamsha homoni zinazovuruga kinga ya mwili, na ngozi hupoteza unyevu wake. Muwasho huzidi, kujikuna huijeruhi ngozi, usingizi hutoweka, na dhiki huanza upya. Ukurutu hauambukizi, wala soriasisi haiambukizi. Basi amtengaye mgonjwa humzidishia muwasho.

Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba. Apelekwe kwa daktari, ajipake mafuta mazito kila amalizapo kuoga, na aepuke sabuni kali. Nanyi jamaa, mrudisheni kwenye sinia moja. Nabii Ayubu (a.s.) alimshtakia Mola dhiki zake, tuchelee mgonjwa wetu asije akatushtaki sisi.

Wallahu aalam.