Ufundi wa wakimbizi si dawa ya mawazo

Kila tukionyesha vitambaa vya mama zetu, maneno ni yaleyale. Mgeni mmoja anasema: vizuri sana, kazi za mikono zinawapunguzia mawazo. Mwingine anauliza: lakini hii ni ya kabila lenu kweli, au mlifundishwa na shirika? Tumechoka. Leo tunawajibu kwa habari za watu wengine waliopoteza kwao, Wahuron-Wendat wa Kanada.

Kwao kulikuwa karibu na Ghuba ya Georgian. Magonjwa yaliyokuja na Wazungu yaliua wengi, halafu mwaka 1649 vita na Wahaudenosaunee vikavunja vijiji vyao. Mwaka uliofuata kama watu 300 wakakimbilia upande wa Quebec. Hata huko walihamahama, mpaka 1697 wakatulia Lorette, panapoitwa leo Wendake. Hesabuni wenyewe hiyo miaka! Na sisi tunalalamika kuhamishwa bloku.

Kule kuna mnyama wa baridi aitwaye moose, jamii ya kulungu lakini mkubwa kama farasi. Wanawake walichukua nywele zake ndefu, wakazitia rangi, wakadarizi maua kwenye ngozi iliyotiwa weusi na kwenye magome ya mti. Nywele hizo si kama uzi wa dukani. Ni fupi, unashika kadhaa pamoja, zikiisha unaanza zingine. Ua moja tu ni kazi ya macho na subira.

Je, ni asili yao? Watu wa kule walipamba kwa nywele na miiba ya nungunungu tangu zamani. Masista Waursula, waliofika Quebec 1639, walileta udarizi wa Kifaransa, na karne ya 18 masista wenyewe wakawa wanauza vikasha vya magome vilivyodariziwa kwa nywele hizohizo. Sasa nani kamwibia nani? Wanawake wa Lorette hawakungoja jibu. Karne ya 19 walishika soko wao. Marguerite Vincent Lawinonkié, aliyezaliwa 1783 akafa 1865, anakumbukwa mpaka leo kwa kuinua kazi hiyo. Walowezi walikuwa wamebana misitu ya kuwindia, kwa hiyo viatu na vikasha vilivyouzwa kwa watalii na maofisa Waingereza vilileta pesa ya chakula. Hiyo ni tiba gani? Hiyo ni biashara.

Vijana wenzetu, acheni kucheka eti kudarizi ni kazi ya mabibi. Na nyinyi wa mashirika, tunawaheshimu, lakini acheni kuomba kitambaa cha bure cha kumpelekea mfadhili. Vikasha vingi vya Lorette viko makumbusho bila jina la aliyevishona. Sisi tunataka jina la mama liandikwe kwenye kitambaa kabla hakijatoka kambini. Na bei aitaje yeye mwenyewe, si afisa wa mradi.