Kamera iliyoingia maji huokolewa na betri inayotoka

Kamera ndogo ya mkononi ikitumbukia baharini, kwenye beseni au kwenye dimbwi la mvua, wengi huihesabu kuwa imekufa. Ikiwaka tena baada ya siku chache, mwenyewe huambiwa ana bahati. Naona bahati inasifiwa bure. Kinachoamua kama kamera itapona kinafahamika vizuri: umeme ulikatwa mapema kiasi gani kabla maji hayajafika kwenye saketi na kuanza kuila. Njia ya haraka ya kuukata ni kufungua kifuniko cha betri na kuitoa, na kifuniko hicho ndicho watengenezaji wa vifaa vingi wamekuwa wakikiondoa. Betri inayotolewa kwa mkono ni haki ya mnunuzi, na tunapaswa kuidai kwa nguvu zaidi kuliko tunavyovutiwa na maneno ya "haiingii maji" kwenye boksi.

Tuangalie kwanza kinachotokea ndani. Bodi ya kamera imejaa njia nyembamba za shaba zilizopangwa karibu karibu, kila moja na kazi yake. Maji yenye chumvi yakitanda juu yake huku betri ipo, umeme hupita mahali usipopaswa kupita. Shaba ya upande mmoja huyeyuka na kusafirishwa kwenda upande wa pili, na kwa muda mfupi njia moja inakatika huku nyingine mbili zimeunganishwa na utandu wa kijani. Maji ya bahari ni hatari zaidi kwa sababu lita moja hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na hupitisha umeme mara mia moja hivi zaidi kuliko maji ya bomba ya kawaida. Zaidi ya hapo, maji yakikauka chumvi inabaki, inanyonya unyevu wa hewani na kuendeleza kutu. Ndiyo maana kamera iliyoanikwa juani ikawaka vizuri inaweza kuzima kabisa baada ya wiki kadhaa, na mwenyewe asikumbuke tena kwamba iliwahi kulowa.

Kutokana na hayo, mtu anajua la kufanya na la kuacha. Kosa kubwa ni kuiwasha "kuona kama bado nzima". Kila ukibonyeza, umeme unaingia kwenye bodi iliyolowa, na lenzi ikijaribu kutoka inaweza kuvuta maji yaliyokuwa pembeni hadi katikati. Toa betri kwanza, kisha kadi ya kumbukumbu. Kadi haina kitu kinachozunguka ndani yake, na ikikaushwa vizuri mara nyingi picha zote zinapatikana hata kamera yenyewe ikiwa imekufa. Kama ni maji ya bahari, suuza chumvi kwa maji safi betri ikiwa nje. Iache siku kadhaa milango yake ikiwa wazi, mahali penye hewa inayopita, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele haufanyi kazi hiyo vizuri na huacha vumbi. Mapema mwaka 2024 Apple yenyewe iliwaonya wenye simu zake wasiutumie. Kufungua bodi na kuipiga brashi kwa spiriti ni kazi ya fundi, kwa sababu kapasita ya flashi hubaki na volti zinazokaribia 300 hata betri ikiwa imetolewa. Hatua zote hizi zinategemea ile ya kwanza. Mwenye kifaa kilichofungiwa betri ndani anaweza kukizima tu, na betri inabaki imeungana na bodi iliyolowa hadi fundi apatikane.

Watengenezaji hujibu kwamba kufunga kila kitu ndiko kunakozuia maji yasiingie. Historia ya kamera zenyewe inapinga dai hilo. Nikonos, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa kamera ya wazamiaji iliyofunguliwa kwa mkono ili kubadilisha filamu, na ilizuia maji kwa pete za mpira. Olympus TG-6 ya mwaka 2019 huzama hadi mita 15, na betri yake inatolewa kupitia mlango wenye raba na kufuli. Kwa hiyo inawezekana kuzuia maji na kuacha betri itoke. Isitoshe, ahadi ya kuzuia maji ina mipaka isiyosemwa kwa sauti. Alama ya IPX7 maana yake ni kwamba kifaa kipya kimestahimili kina cha mita 1 kwa dakika 30 katika maji matulivu yasiyo na chumvi. Raba huchakaa, na chembe moja ya mchanga au unywele uliobanwa mlangoni hutosha kupitisha maji.

Vyombo vya sheria vimekwisha kuliona hilo kwenye simu, ambazo leo zinafanya kazi nyingi zilizokuwa za kamera ndogo. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10, pamoja na mengine kwa sababu ilitangaza uwezo wa simu zake kustahimili maji bila kueleza wazi kwamba ni katika hali za maabara, huku waranti ikikataa uharibifu wa maji. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung dola za nchi hiyo milioni 14 kwa matangazo yaliyoonyesha simu ndani ya bwawa na bahari.

Wapo watakaosema kamera hizi zimepitwa na wakati, ikiharibika nunua nyingine. Hoja hiyo ni ya mwenye fedha. Kwa mpiga picha wa sherehe anayeanza, kamera ndogo ya mtumba ni mtaji, na dakika ya kuokoa mtaji huo haipaswi kutegemea umbali wa kibanda cha fundi. Hata kwa mwenye fedha, kifaa kinachotupwa kwa sababu ya maji kidogo huongeza taka za kielektroniki.

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka betri za vifaa vingi vidogo zitolewe na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027, ingawa imeacha mwanya kwa vifaa vilivyotengenezwa kutumika kwenye maji. Sisi tusiufuate mwanya huo, kwa kuwa kifaa cha majini ndicho kinachohitaji zaidi mlango wa dharura. Shirika la viwango, TBS, na Tume ya Ushindani kwetu Tanzania, na shirika la viwango la jirani zetu Kenya, KEBS, wanaweza kuanza na madai mawili: boksi lieleze kwa Kiswahili ahadi ya maji inahusu maji gani, kina gani na muda gani, na lieleze betri inatolewaje. Mnunuzi naye asisubiri serikali. Kabla ya kulipa, amwombe muuzaji aitoe betri mbele yake. Ikishindikana dukani, kwenye meza kavu, haitawezekana ufukweni.