Wageni Wanaokuja na Mvua
Wiki hii pale Ndutu, kusini mwa Serengeti, magari yalijipanga kumzunguka simba aliyelala, huku nyuma yake korongo weupe wakitembea kwenye majani mabichi wakidonoa panzi, na hakuna darubini hata moja iliyowageukia. Korongo hawa huzaliana Ulaya, juu ya mapaa na minara ya makanisa, kisha hushuka kwetu kwa kupitia Bosphorus na bonde la Nile, maana hewa ya joto inayowainua haipatikani juu ya bahari pana. Mimi moyo wangu uko zaidi kwa kozi wa Amur, ndege mwepesi kuliko njiwa, ambaye hutoka Siberia na kaskazini mwa China akaivuka Bahari ya Hindi. Wote hufuata mvua, kwa kuwa mvua huamsha kumbikumbi, panzi na viwavijeshi, na viwavijeshi wanaoishia mdomoni mwa korongo hawafiki kwenye mahindi ya mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji asiyemtambua mgeni wake atamshukuruje? Anayetafuta meno pekee hayaoni mabawa. Nasema bila kuzunguka: mwongoza watalii anayemjua simba tu anaijua nusu ya hifadhi, na nchi yenye aina zaidi ya 1,000 za ndege haistahili kuonyeshwa nusu. Elimu ya ndege iwe sharti la kazi hiyo, na ianzie kwa watoto wetu shuleni.