Baraka na Fizi: Mashindano ya mitaa yasigeuke mnada wa wachezaji

Kila likizo kubwa, shule zinapofunga mwezi wa saba, vijana wa mji wa Baraka na wa wilaya ya Fizi wanarudi uwanjani. Mitaa inaunda ekipe, makanisa yanaunda zao, wanafunzi pia. Toka Mboko hadi Fizi centre, mpira wa likizo ni burudani ambayo hata mtoto asiye na franka mfukoni anaweza kuifurahia. Kwa hiyo kinachoharibika ndani yake kinawagusa watu wengi.

Na kinachoharibika kinajulikana. Mashindano yanatangazwa kuwa ya mitaa, au ya watoto wasiozidi miaka 17. Yakifika robo fainali, ekipe moja inaingia uwanjani na vijana ambao hakuna jirani anayewafahamu. Wamelipiwa boti au pikipiki kutoka mji mwingine, wamepewa chakula na pesa ya mfukoni. Katika daraja la kadeti anaonekana mchezaji mwenye ndevu. Ekipe ya mtaa wa pili, iliyochanga franka kidogo kidogo ili ipate jezi, inafungwa mabao matano. Mwaka unaofuata haijiandikishi tena.

Gharama zinapanda kwa njia hiyohiyo. Mtaa mmoja ukileta wachezaji watatu wa kulipwa, mtaa wa pili unatafuta tajiri wa kuleta wanne. Jezi za mwaka jana zinaonekana aibu. Waandaaji nao wanaongeza pesa ya kujiandikisha, kwa sababu zawadi imekuwa kubwa: palipokuwa na kikombe na mpira mpya, sasa watu wanataka ng'ombe au bahasha ya dola. Mwishowe anayeamua ni mfuko wa mfanyabiashara mmoja au wa mwanasiasa anayetafuta kura. Siku akichoka, ekipe inakufa.

Ugonjwa huu si wa Baraka peke yake, wala si wa mpira peke yake. Marekani kuna mchezo wa kuvuta mzigo kwa trakta na magari, na tangu 1969 kuna chama cha kitaifa kinachosimamia kanuni zake. Gari linafungwa kwenye sleji ya chuma, na kadiri linavyosonga uzito unaisogelea pua ya sleji hadi gari linashindwa. Mchezo huo una madaraja mengi, na mojawapo ni la gari la kawaida, lile ambalo mwenyewe analiendesha kwenda kazini Jumatatu. Mwenye pesa akileta katika daraja hilo gari lililojengwa kwa mashindano tu, wenye magari ya kazi wanaacha kuja. Kanuni zao zinajikinga kwa kupima vitu vinavyoonekana mbele ya wote: ukubwa wa tairi, urefu wa ndoano kutoka chini, upana wa tundu la hewa la turbo. Mwamuzi anashika kipimo, na kila mtu anaona.

Katika mpira wa vijana, kitu kigumu kupima ni umri. Hata mataifa yameanguka hapo. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika Kombe la Afrika la vijana chini ya miaka 17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2019 Guinea ilifika fainali ya mashindano hayohayo, kisha ikapoteza nafasi yake ya Kombe la Dunia kwa kosa la namna hiyo. Karibu na mwanzo wa 2023, Cameroon ilipima vijana wake kwa mashine ya MRI inayoangalia mfupa wa kifundo cha mkono: 21 kati ya 30 walishindwa.

Hakuna anayetegemea kwamba waandaaji wa mashindano ya mtaa watampeleka kila mtoto kwenye mashine ya MRI. Karatasi nazo ni chache. Sheria ya Congo inasema mtoto aandikishwe bila malipo ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja tu kati ya wanne wenye chini ya miaka mitano alikuwa ameandikishwa. Watoto wa wakati ule ndio wanaoingia sasa katika daraja la kadeti. Wengine wamepoteza karatasi zao njiani: mwezi wa kumi na mbili 2025, vita vilipofika Uvira, familia nyingi zilikimbilia upande wa Fizi. Wako pia watoto wa wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda na Mulongwe. Kanuni ikidai cheti cha kuzaliwa peke yake, itamfukuza mtoto mkweli aliyekimbia usiku, na itampokea mtu mzima mwenye pesa ya kununua cheti.

Kuna shida nyingine inayosemwa kidogo. Mara nyingi ekipe inayotaka kulalamika inaombwa kwanza kuweka pesa mezani. Nia yake ni njema, kuzuia malalamiko ya bure. Lakini ekipe iliyokosa hata pesa ya maji haiwezi kulalamika, na yule aliyevunja kanuni anajua hivyo. Kanuni ambayo ni tajiri peke yake anaweza kuitumia haimsaidii maskini kwa lolote.

Wenye kuleta wachezaji wa mbali wana sababu zao, na haifai kuzidharau. Wanasema mchezaji mzuri analeta watu uwanjani, na mama anayeuza karanga na maandazi anapata kitu. Wanasema kijana wa Baraka anajifunza akicheza na aliyemzidi. Wanasema pia kwamba bila pesa yao hakungekuwa na mpira, wala nyavu golini. Hayo ni kweli. Ila yote yanaweza kupatikana katika daraja lililo wazi, ambapo kila ekipe inakuja na yeyote inayemtaka, na mtazamaji anajua anaangalia nini. Uongo unaanza pale daraja la wazi linapovaa jina la mtaa au la watoto.

Wasimamizi wa mpira wa Baraka na Fizi, pamoja na komini na shirika la raia, wanaweza kurekebisha jambo hili kabla ya likizo ijayo bila kungoja pesa ya Kinshasa. Madaraja yawe mawili, la wazi na la mtaa, na kila moja lijulikane kwa kanuni yake. Katika daraja la mtaa, orodha ya wachezaji ifungwe kabla ya mechi ya kwanza na ibandikwe uwanjani, ikiwa na majina, shule na mtaa, ili kila mzazi aisome. Wageni wasizidi wawili kwa ekipe. Familia iliyokimbia vita na kupanga nyumba mtaani isihesabiwe kuwa ngeni.

Kwa umri, buletini za shule za miaka mitatu zinatosha kuanzia, kwa sababu ni vigumu kughushi darasa ambalo mwalimu na wanafunzi thelathini wanalikumbuka. Asiye na buletini aletewe mashahidi wawili: mwalimu au mchungaji au imamu, na mkubwa wa mtaa. Kadi ya chanjo au karatasi ya ukimbizi nayo ipokelewe. Pesa ya malalamiko iwe ndogo, na irudishwe kwa aliyelalamika kwa haki. Pesa ya kujiandikisha itangazwe, na mwishoni waandaaji wasome hadharani ilivyotumika. Zawadi ya daraja la mtaa ibaki kikombe, jezi na mipira. Ng'ombe akiondoka, wale wanaomfuata ng'ombe wataondoka naye.

Mwenye kuvunja kanuni aadhibiwe sawasawa, hata kama ndiye aliyenunua nyavu. Hapo ndipo meya, wakubwa wa komini na waamuzi watapimwa. Refa anayemfukuza kijana wa ekipe maskini na kufumba macho mbele ya ekipe ya mkubwa anawafundisha watoto mia tano waliokaa kando ya uwanja somo ambalo hakuna shule itakayolifuta.

Katika wilaya ambamo makundi yenye silaha bado yanatafuta vijana, na ambamo machimbo ya dhahabu ya Misisi yanawatoa watoto darasani, ekipe ya mtaa ni moja ya mahali pachache ambapo kijana anapewa namba, kocha na saa ya kufika. Mtaa ukiacha kujiandikisha kwa sababu hauna tajiri, vijana wale kumi na wanane hawatoweki. Wanatafuta mahali pengine pa kuhesabiwa, na Fizi inajua vizuri ni nani anayewangojea huko.