Fundi wa Nyumbani: Laptopu Ikichemka

Ndugu wasomaji, laptopu ya familia ikichemka halafu ikajizima yenyewe, msiseme imekufa. Inajizima ili isiungue. Mara nyingi ni hili vumbi letu la kambini: limeziba feni, joto halitoki.

Fanya hivi. Izime, chomoa chaja, toa betri. Fungua skrubu za mfuniko wa chini. Zuia feni kwa kijiti isizunguke, kisha ondoa vumbi polepole kwa brashi laini, kavu. Maji hapana, kupuliza kwa mdomo pia hapana, mate yataingia. Feni ikigoma kuzunguka, ibadilishwe.

Ukikuta betri imevimba, usiitoboe wala kuichaji, mwite fundi.

Nanyi watoto, mkisoma msiiweke juu ya godoro. Iwekeni mezani ipumue.