Uwanja wa besiboli ulipogeuka nyumba

Muulize mtoto wa miaka minne mama yake anaitwa nani. Atajibu, "Mama." Ukimbana sana atasema, "Mama Asha," na Asha ni yeye mwenyewe. Nyumbani mnacheka, maisha yanaendelea. Lakini usiku wa mafuriko jibu la aina hiyo halichekeshi, na waliolijua hilo kwa shida ni watu wa Houston, Marekani, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kukodisha kumbi.

Kaunti ya Harris, lilipo jiji la Houston, ina shirika la umma linaloendesha viwanja vya michezo na kumbi za maonyesho. Kazi yake ni ile ya mwenye ukumbi yeyote: mikataba ya wapangaji, taa, vyoo, milango ya dharura. Moja ya majengo yake ni Astrodome, uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 1965, wenye paa lililofunika uwanja wote pamoja na majukwaa. Timu ya Astros ilihama baada ya msimu wa 1999, na jengo likabaki na kazi za hapa na pale.

Agosti 29, 2005 Kimbunga Katrina kikaikumba New Orleans, kilomita zaidi ya 500 kutoka hapo. Maelfu walijazana katika uwanja mwingine wenye paa, Superdome, bila umeme, paa lenyewe limechanika. Ikaamuliwa wahamishiwe Houston. Ratiba ya Astrodome ilifutwa hadi Desemba, na basi la kwanza likafika usiku wa Agosti 31.

Hapo ndipo lile jengo lililoonekana limepitwa na wakati lilipoonyesha thamani yake. Bafu za wachezaji zilikuwepo. Vyoo vya kutosha maelfu vilikuwepo, na sehemu za kugawia chakula pia. Vitanda vya kukunja vikapangwa palipokuwa pakichezwa mpira. Watu walipopita 11,000 uingizaji ukasimamishwa kwa kuhofia hatari ya moto, na kumbi za jirani zikafunguliwa. Zahanati ikawekwa humo humo.

Kitu ambacho hakikuwepo stoo ni daftari la kuonyesha mtoto huyu ni wa nani. Katika uokoaji, familia zilikuwa zimegawanyika: huyu kapandishwa helikopta, yule basi, bibi kabaki kwenye foleni. Watu waliandika majina ya ndugu zao kwenye vipande vya maboksi na karatasi, wakayabandika ukutani au kutembea nayo mikononi. Mtoto mkubwa aliweza kusema jina la shule yake na mtaa wake. Wadogo walijua "Mama" tu.

Kituo cha taifa cha Marekani cha watoto waliopotea kilishughulikia taarifa za watoto zaidi ya 5,000 waliotengana na familia zao kwa sababu ya Katrina na kimbunga Rita kilichofuata. Wa mwisho alirudishwa kwa mama yake Machi 2006. Fikiria miezi hiyo, mzazi hajui mwanawe analala wapi.

Mwaka 2017 Houston yenyewe ikazama, safari hii kwa Kimbunga Harvey. Ukumbi wa mikutano wa George R. Brown, unaoendeshwa na shirika la jiji, uliandaliwa kwa watu 5,000. Walifika zaidi ya 10,000. Jiji hilo leo lina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo.

Huku kwetu kimbilio huwa ni madarasa, kanisa au msikiti. Mvua za 2024 ziliwatoa watu majumbani Kenya na Tanzania, na wengi walilala shuleni. Shule haina msimamizi wa ukumbi wala vitanda stoo, kwa hiyo mengi yanabaki kwa mzazi.

Mfundishe mtoto jina lako kamili, lile la kwenye kitambulisho, pamoja na namba ya simu. Wimbo wa kuogea unatosha. Kwa wiki mbili atakuwa ameikariri. Ukibadilisha laini, na tunazibadilisha mno, mfundishe upya. Kwa asiyejua kusema bado, andika namba kwenye pindo la nguo kila masika. Picha yake ya karibuni mtumie ndugu anayeishi mji mwingine, maana simu yako inaweza kwenda na maji.

Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa chifu, kabla mvua hazijaanza. Uliza mtakimbilia jengo gani, na saa nane za usiku funguo anazo nani. Wakikuambia ni mlinzi, omba namba ya mlinzi.