KOMPAILA NAYO INA KALAMU NYEKUNDU

Kompaila ikitajwa katika somo la tarakilishi, wengi wetu hufikiria kazi moja tu: kugeuza programu iwe amri ambazo mashine itazitekeleza. Naam, lakini kabla ya kugeuza ni sharti isome. Kusoma huko ni kazi ya sehemu yake ya mbele, na kwa maoni yangu sehemu hiyo inanyimwa sifa zake.

Kwanza inakata herufi ziwe maneno, kisha inayapanga maneno kwa kufuata sarufi ya lugha ya programu. Halafu inakagua upatanisho, sawasawa na mwalimu wa Kiswahili akikutana na "kiti mzuri umevunjika". Ukiweka neno mahali pa nambari katika lugha ya C++, haikupitishi, ng'o!

Sasa, kugundua kosa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwambia mwandishi kosa liko wapi. Ukisahau nukta mkato mwishoni mwa mstari wa 7, kompaila yaweza kulalamikia mstari wa 8, maana hapo ndipo ilipong'amua mambo hayaendi sawa. Mwanafunzi anaukodolea macho mstari usio na hatia, mwishowe anasema ati somo hili ni la wenye vichwa. Je, hiyo ni haki? Waliounda Clang, iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2007, walilipa jambo hili uzito tangu mwanzo: inaonyesha mstari wenyewe, inatia alama penye kosa, na pengine inapendekeza dawa. GCC, kongwe ya mwaka wa 1987, nayo haikulala. Ujumbe wake wa siku hizi unasomeka.

Tena watunzaji hawapumziki, kwani lugha hukua. Zamani katika C++, alama >> ilisomwa kuwa tendo la kusogeza biti tu. Ukifunga mabano mawili ya pembe bila kuacha nafasi kati yake, programu ilikataliwa. Kanuni za mwaka wa 2011 zikaruhusu, basi ikabidi kompaila ifunzwe kutazama muktadha kwanza. Na programu za jana bado zatarajiwa kupita!

Walimu wetu wa tarakilishi, tunaomba hivi: mkitupa programu ya kuandika, tupeni na nyingine yenye makosa, tuusome ujumbe wa kompaila pamoja darasani.